Mtani Aliyeacha Kutukana

Tandale, Dar es Salaam
3 Juni 2024

Kwako Gaspar, mtumwa wangu wa Kinyamwezi,

Salamu nakupa nusu, nusu nyingine utaipata ukijibu. Mie mzima. Kifua ndo kilekile, kinalia kama paka kafungiwa kabatini.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilivyokupigia, wewe ukahema, mie nikahema, tukahemeana mpaka salio likakata na hakuna aliyesema la maana. Mkamwana wangu Naima akachungulia akaniuliza, baba unaongea na nani, na mbuzi? Nikamwambia naongea na Mnyamwezi, hukukosea sana. Kwenye karatasi mtu haishiwi pumzi. Nikichoka naweka kalamu chini na wewe hujui.

Barua atakuletea Hija, yule mama mwenye genge hapo mtaani kwenu Chamazi. Kila Jumatatu anakuja huku sokoni Tandale kufuata mchele na maharage. Nimemwambia humu ndani mna hati ya kiwanja, asifungue. Kaniangalia kama anavyoangalia nyanya iliyooza.

Sasa swali, na usinizungushe. Tangu binti yako Genoveva akuhamishie huko kwake, unatembea?

Unakumbuka siku ile kliniki ya kifua, kule Mwananyamala. Mie na wewe benchi moja, hatujuani. Yule binti wa mazoezi, Tusajigwe, akatuandikia kutembea kwenye cheti, palepale chini ya pampu ya kuvuta, kama dawa. Na wewe kwa ukarani wako ukamuuliza, "Samahani, hii inachukuliwa dirisha gani?" Nikacheka mpaka nikakohoa mpaka nikatoka machozi. Ukaniuliza kabila. Nikasema Mzaramo. Ukasema basi wewe mtumwa wangu, sogea huko. Undugu wetu ulianzia hapo. Mie niliyekula vumbi la mashine ya kusaga na sigara juu, na wewe uliyekula vumbi la pamba bohari nzima.

Alisema nini Tusajigwe? Tembea mpaka uheme, ila uweze kusema sentensi. Ukishindwa kuisema, simama, puliza pole pole kama uji wa moto, pumzi ikirudi endelea. Kila siku. Ukikaa, miguu inalegea, na miguu ikilegea kifua ndo kinakufanyia ubabe zaidi.

Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, pembe za ndovu kichwani. Mjukuu wao asishindwe kufika gengeni kwa Hija.

Bwana wako,
Mbwana


Chamazi
9 Juni 2024

Kwa Mzaramo Mbwana, mla nazi,

YAH: KUTEMBEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea karatasi yako yenye alama za vidole vya mafuta. Nimeisoma kwa tabu, maana ulipoacha shule inaonekana uliacha na herufi nyingine hukohuko.

Swali lako ni la kitoto lakini nitalijibu. Natembea. Kila asubuhi baada ya chai navaa viatu vya raba alivyoninunulia Genoveva, nakwenda mpaka geti la uwanja wa mpira, nageuza, narudi. Njia ni tambarare na upepo ni mzuri. Nasalimiana na watu. Wananiita mzee wa mazoezi.

Nikikukumbuka ulivyokuwa ukijikokota nyuma ya kundi la Tusajigwe la kutembea asubuhi, ukijifanya kamba ya kiatu imefunguka ilhali umevaa ndala, nasikia huruma. Ninyi Wazaramo hamtembei mpaka mpigiwe ngoma. Mdundiko ukipita mnaufuata mpaka wilaya nyingine, lakini kutumwa sukari mnaumwa miguu.

Jitunze. Ukifa nitakuja msibani kwako kama mtani anayejua haki zake. Nitalala kwenye kitanda chako na sitainuka mpaka wanao wanipe jogoo. Nikitoka natoka na redio yako, na hakuna atakayenidai, maana kilichoshikwa na mtani hakirudi mpaka kikombolewe.

Genoveva anakuamkia. Yeye amezaliwa hapahapa mjini, haya mambo ya utani anadhani tunagombana kweli.

Mmiliki wako halali,
Gaspar


Tandale
10 Juni 2024

Wewe Gaspar,

Barua imefika na nimecheka. Hiyo redio huipati, nitazikwa nayo.

Ila nina neno. Hija ana macho makali. Nimemuuliza, mzee wa mazoezi hajambo? Akasema, mzee gani wa mazoezi? Nikasema Gaspar, baba yake mwalimu Genoveva. Akasema, huyo nikipeleka barua namkuta ukumbini kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, nikirudi kufuata majibu yuko kwenye kiti hichohicho. Nikamwambia labda ameshatoka akarudi. Akasema, Mzee Mbwana, viatu vyake viko chini ya kiti, vipya, na buibui kafunga uzi kutoka kiatu cha kulia kwenda cha kushoto.

Nimemjibu kwamba Wanyamwezi wanatembea peku. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namuwaza huyo buibui.

Nikajiambia, huyu ananitania. Mtani akisema anatembea maana yake halisi anaijua mwenyewe. Basi nitanie, ila unitanie kwa kitu kingine. Mie hapa kila siku naenda sokoni na kurudi, napita kwenye mashine za kusaga nikiwa nimeziba pua kwa kanzu, nakata kwa wauza mkaa, halafu

Samahani, jirani Nassibu alikuwa ananiita. Nilikuwa nasema naenda sokoni na kurudi.

Niambie kweli.

Mbwana


Chamazi
23 Juni 2024

Ndugu yangu mpendwa Mzee Mbwana,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe pamoja na familia yako yote. Sisi huku tunaendelea vizuri.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ni kweli sijasema ukweli. Sijatembea tangu mwezi wa tano. Nilitoka mara moja, siku ya mechi, bila kujua kuwa kuna mechi. Nilikuwa nimeshaliona geti la uwanja. Umati ukanikuta kwa nyuma, ukanipita mbele na pembeni, na mimi nikajaribu kwenda kwa mwendo wao. Pumzi ikakata. Nilitafuta mahali pa kukaa, sikuona. Hapakuwa na jiwe wala ngazi ya duka. Nikachuchumaa kwenye mchanga katikati ya njia. Watu wakawa wananiruka. Mmoja akasema, mzee amelewa, mwacheni alale. Nilitaka kumwambia sijalewa, nikafungua mdomo, neno halikutoka.

Genoveva alikuja kunichukua. Hajanilaumu. Tangu hapo nikisimama tu, hata kwenda mlangoni, ule mchanga unanirudia na kifua kinafunga kabla sijapiga hatua. Kwa hiyo nimeona ni busara nikae.

Nakushukuru kwa urafiki wako. Nina ombi moja. Siku yangu ikifika, wewe kama mtani utakuwa na kazi zako msibani, na sikatai. Nakuomba tu usizidishe. Genoveva hataelewa, na nisingependa aone aibu mbele ya walimu wenzake.

Wako katika urafiki,
Gaspar


Tandale, sokoni
24 Juni 2024

Gaspar,

Barua yako nimeisoma hapahapa sokoni, nimesimama, wapagazi wananipigia kelele nipishe magunia. Nimeisoma tena. Nimeigeuza nyuma. Natafuta tusi. Hamna. Umeniita ndugu mpendwa. Umeniita mzee. Umenitakia afya mie na familia yangu yote, hata mkamwana wangu ambaye hujawahi kumuona.

Unajua umenitisha kiasi gani? Ungeniambia unatema damu ningesema huyu ananitania. Lakini mtani akianza adabu ndo anafunga mizigo.

Hija ananisubiri na karatasi nimempokonya muuza mayai. Sina maneno marefu. Nitukane, Gaspar. Andika mstari mmoja tu. Niite mla nazi, niite mvivu, sema babu yangu aliuza shamba akanunua ngoma. Sema lolote nijue bado umo humo ndani.

Nakwenda Mwananyamala kumuona Tusajigwe. Usifanye kitu. Yaani usifanye hicho unachokifanya, cha kukaa.

Mbwana


Chamazi
30 Juni 2024

Kwa Mzee Mbwana,

Shikamoo baba. Mimi ni Genoveva. Baba hajaandika wiki hii, ndiyo maana nimechukua kalamu mwenyewe. Barua yako ameisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Naomba nikwambie kitu kwa heshima. Najua unampenda baba, na barua zako za mwanzo zilikuwa zinamchekesha, nilikuwa namsikia nikiwa jikoni. Lakini hili la kutembea naomba uliache. Mimi ndiye niliyemkuta siku ile kwenye mchanga. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mtu ambaye pumzi inamkata akitembea, dawa yake si kutembea, ni kupumzika. Hata mtoto analiona hilo.

Sasa hivi namfanyia kila kitu. Chakula namletea kwenye kiti, maji ya kunawa namletea kwenye kiti, na nikienda shule namuachia chupa ya chai pembeni ili asipate sababu ya kunyanyuka. Pamoja na hayo haendi mbele. Zamani alikuwa akienda uani mwenyewe, sasa hata hapo namshika mkono na anafika anahema. Naona ugonjwa unakua. Hata mshtuko mmoja mwingine sidhani kama atauweza.

Mama tulimzika. Nimebaki na huyu. Naomba usimuandikie tena mambo ya kutembea.

Mwanao,
Genoveva


Gengeni kwa Hija, Chamazi
4 Julai 2024

Kwako Gaspar, mateka mkubwa,

Mpaka unasoma hii umeshaona pengo hapo ukumbini. Nusu saa iliyopita nilikuwa kwenu nakunywa chai na wewe, ukaniita "mzee wangu", ukanisukumia sahani ya mihogo kama mie askofu, na ukafumba macho kidogo ukiwa unaongea. Nikasubiri binti yako aende jikoni. Nikakwambia simama kidogo nikuonyeshe kitu. Ukasimama, umeshika ukuta. Kiti nikakipitisha mlangoni, kijana wa bodaboda aliyenileta akakipokea. Hukunizuia kwa sababu unaijua sheria. Kilichoshikwa na mtani hakirudi mpaka kikombolewe.

Kiti chako kiko hapa gengeni kwa Hija, chini ya turubai, kati ya vitunguu na mafuta. Mie ndo nimekikalia nikiandika. Ni kiti kizuri, sikushangai.

Ukombozi wake ni mmoja: ukifuate mwenyewe, kwa miguu yako. Asikuletee mtu.

Usidhani nimekurupuka. Nilikwenda kwa Tusajigwe nikamwambia yote, mchanga, umati, na barua yako ya adabu. Akasema, Mzee Mbwana, wagonjwa wangu wengi hawaogopi kutembea. Wanaogopa kukosa pa kukaa pumzi ikikata. Ukimwambia mtu atembee, kwanza mwambie atakaa wapi. Akasema na yeye alikosea, alikuandikia kutembea hakukuandikia benchi. Akasema kuhema ni kuhema tu, hakupasui mapafu, kinachokumaliza ni huko kukaa, mguu unasahau kazi yake na kila safari ya uani inakuwa mlima.

Basi sikiliza, haya ni yake siyo yangu. Vuta pampu kwanza, usubiri ifanye kazi. Usitoke siku ya mechi. Usitoke ukiwa na homa au makohozi yamebadilika rangi, na kifua kikiuma kwa namna nyingine rudi ukamuone daktari. Tembea mwendo wa kizee, siyo wa watu. Nimeipima njia mwenyewe leo: ukitoka getini kuna ukuta wa jirani wa kuegemea, mbele kuna nguzo ya umeme, halafu banda la kinyozi lina ngazi, halafu Hija. Hakuna mchanga mtupu hata sehemu moja. Kila pumzi ikikata pana kitu cha kushika, na mwisho wa njia pana

Kaniita jirani. Nimesahau, huku sina jirani. Hija kaniita.

Mwisho wa njia pana kiti. Nakwenda. Tukana.

Mbwana


Chamazi
5 Julai 2024

Mzee Mbwana,

Shikamoo. Nimefundishwa kuamkia wakubwa hata nikiwa nimekasirika.

Ulikuja nyumbani kwangu nikakukaribisha. Nimetoka jikoni na chai ya pili, nakuta mgeni hayupo, kiti hakipo, na baba amesimama ukumbini ameshika ukuta. Nilitaka kwenda kukichukua mwenyewe, ni kiti tu, hapo kwa Hija si mbali. Baba akanikataza. Akasema nikikigusa nitamvunjia heshima. Nikamletea kiti kingine cha mezani, akakataa kukikalia. Anasema huo utakuwa ulaghai.

Sasa yuko kitandani, ameelekea ukutani. Tangu jana chakula hajagusa.

Mimi sijui sheria zenu. Najua baba yangu alikuwa amekaa, na sasa amelala. Akipatwa na jambo sitakuita mtani, na sitataka kukuona msibani.

Genoveva


Tandale
15 Julai 2024

Gaspar,

Leo Jumatatu, Hija hajaja. Nimekaa kwenye magunia ya muuza mchele wake tangu asubuhi. Mchele wake umepimwa, umefungwa, umekaa. Mwenye mchele anasema hajawahi kukosa, hata mvua ile kubwa alikuja.

Wiki iliyopita alileta barua ya binti yako, nikamuuliza vipi kiti. Akasema kipo, hakuna aliyekifuata. Nikamuuliza mzee je. Akasema hajamuona, pazia la dirisha lake limeshushwa. Sikuandika jibu.

Nimekupigia simu, imezimwa. Nimempigia Genoveva, inaita mpaka inakata. Nimepiga kwa simu ya Naima ili asiijue namba, akapokea, akasema haloo, na mie pumzi ikanibana nikashindwa kusema hata jina langu. Akakata. Bora angenitukana.

Nafikiria hivi. Mtu wa genge hafungi Jumatatu bila sababu. Labda mtaa mzima umefunga. Mtaa unafunga kukiwa na msiba.

Barua hii sina wa kumpa.

18 Julai

Naendelea palepale. Nimekwenda mpaka barabarani nitafute mtu wa Chamazi, yeyote, nimuulize. Nimefika nguzo ya pili, nikarudi. Jirani Nassibu aliniita.

Nimefanya utani na watu maisha yangu yote. Nimewahi kulala kaburini kwa Mmanyema mmoja nikakataa kutoka mpaka ndugu zake wakacheka katikati ya kilio. Hiyo ndo kazi yetu, kumtoa mtu kwenye huzuni kwa nguvu. Lakini kule mtu ameshakufa, huwezi kumharibu zaidi. Wewe nimekufanyia ukiwa hai, na kifua chako ni kama changu, nakijua kinavyofunga. Nilikunyang'anya kitu kimoja ulichokuwa umekiamini.

Kama upo, mwambie Hija akurudishie kiti. Akupelekee mpaka ukumbini. Nimekikomboa mie mwenyewe, nimesamehe. Kaa, mtani wangu. Kaa tu.

Mbwana


Chamazi, gengeni
21 Julai 2024

Kwa Mbwana, mwizi wa viti, mla nazi, mjukuu wa aliyeuza shamba akanunua ngoma,

YAH: MALI ILIYOTEKWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa nimekaa. Unajua nimekalia nini, na unajua kiko wapi.

Hija alikuwa na homa, genge likashikwa na dada yake ambaye hajui njia ya Tandale. Ndiyo sababu hukupata taarifa. Sababu nyingine ni kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, nakulaani. Nilitaka kufa ili ukose usingizi. Halafu nikawaza, nikifa huyu Mzaramo atabaki na kiti.

Mara ya kwanza niliishia mlangoni. Siku iliyofuata nikashika ukuta wa jirani, nikarudi. Nguzo ya umeme nimeikumbatia kama mchumba, midomo imejikunja napuliza uji usiokuwepo, wapita njia wananiangalia, na ule mchanga ukanijia machoni. Nataka ujue kwamba niliogopa, na kuogopa kwenyewe hakujaisha. Genoveva alikuwa anakuja nyuma yangu, simu mkononi, analia kimyakimya akidhani sisikii. Nikamwambia, kama unalia kaa upande wa kivuli, unanizibia upepo.

Leo nikafika kwa kinyozi, nikakaa kwenye ngazi. Kutoka pale genge linaonekana. Natazama, naona kiti changu kimekaliwa. Mama mmoja mteja wa nyanya, mwenye mwili wake, kajaa kwenye kiti changu anachagua bamia. Mzaramo, sijawahi kukasirika vile tangu nistaafu. Hasira ikaninyanyua. Nikafika mbele yake nikasema, "Mama, hicho kiti kimetekwa na mtani wangu na anayeruhusiwa kukikomboa ni mimi peke yangu."

Akasimama, akaomba radhi. Lakini si hilo. Nilikuwa nimeshakaa ndipo nikagundua. Nilisema sentensi nzima, Mbwana. Ndefu, na ya kikarani.

Genoveva akataka kukibeba kiti turudi nacho nyumbani. Nikamkataza. Hapa kimekaa karibu mno. Nimempa Hija maagizo: nikipazoea akisogeze mpaka kwa fundi viatu, kule mbele zaidi. Genoveva akasema, baba, kwa nini kisisogezwe wiki ijayo tu? Huyo ndiye aliyeniwekea chai pembeni nisinyanyuke.

Sasa kuhusu wewe. Mimi nimekuwa karani miaka mingi, nimesoma miandiko ya watu wazima wakidanganya. Huyo jirani yako Nassibu anakuita sana. Anakuita katikati ya sentensi, na ukirudi herufi zimelala ubavu. Hapa gengeni pia alikuita, akiwa Tandale. Na Hija ameniambia siku uliyoniibia ulikaa kwenye kiti hiki muda mrefu, umeshika magoti, kabla hujaweza kumuomba karatasi. Nimempigia Tusajigwe kwa simu ya Genoveva. Anasema kwenye kundi la asubuhi hujaonekana tangu mimi nihame.

Hutembei, Mzaramo. Ulinitembeza mimi ili usitembee wewe.

Jumapili nikitoka misa njoo Chamazi. Tutatoka pamoja, mwendo wa kizee. Pampu yako usiisahau. Kiti ni kimoja. Atakayetangulia kuchoka ndiye atakayekikalia, na mwenzake atasimama amcheke. Nimeshaanza kucheka.

Mmiliki wako,
Gaspar


Tandale
22 Julai 2024

Gaspar, mzigo wa pembe,

Hija amekuja. Amekonda, lakini amekuja. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa chini, kwenye majani ya migomba, na wapagazi wakanipita pembeni bila kelele. Walidhani nimefiwa.

Nassibu alihama tangu kabla ya Ramadhani. Nyumba yake wamepanga wengine, hata majina yao siyajui.

Jumapili nakuja. Sitaki kukudanganya, nami naogopa. Ukiniona nashuka pale kituoni nimeshika mlango, nimeinama, sisemi kitu, simama mbali unitukane kwa sauti mpaka niweze kukujibu.

Ila ukinisogelea ukaniita mzee wangu, nageuza narudi Tandale.

Mbwana